Kupanga utumishi wa jaji wa Marekani ya mwanzo bila kukosea tarehe

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chora jedwali la safu sita: cheo, kupendekezwa, kuthibitishwa na Seneti, hati ya uteuzi, kiapo, kuondoka. Makosa mengi huingia pale tarehe hizi zinapochanganywa.

Mchukue John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Rais George Washington alipeleka jina lake Seneti tarehe 24 Septemba 1789, siku ileile aliyotia saini sheria iliyounda mahakama za shirikisho. Seneti ilimthibitisha tarehe 26. Akala kiapo tarehe 19 Oktoba. Ukiandika "aliteuliwa Oktoba" umeshapotosha. Tarehe za Seneti zitafute katika kumbukumbu zake za uteuzi, kwani wasifu wa baadaye hunakiliana makosa.

Usifunge cheo cha zamani kwa sababu tu kipya kimeanza. Jay alitia saini mkataba na Uingereza jijini London, 19 Novemba 1794, akiwa bado Jaji Mkuu. Alijiuzulu mwaka 1795 ili awe gavana wa New York. John Marshall naye aliapishwa kuwa Jaji Mkuu tarehe 4 Februari 1801 huku akiendelea na kazi za Waziri wa Mambo ya Nje kwa mwezi mzima. Kila cheo kipe mstari wake, hata kama miaka inapandana.

Seli tupu usiijaze kwa kukisia, maana nayo ni ushahidi. John Rutledge aliteuliwa Julai 1795 Seneti ikiwa likizoni, akaongoza Mahakama ya Juu, kisha tarehe 15 Desemba akakataliwa kwa kura 14 dhidi ya 10. Hakuthibitishwa, lakini alikuwa Jaji Mkuu kamili. Kumwacha nje ni kosa kubwa. Jay ni kinyume chake: Desemba 1800 alithibitishwa tena, akakataa. Mstari huo hauna kiapo.

Katika safu ya kuondoka andika na sababu. Majaji wengi wa mzunguko (wa mahakama za shirikisho zilizo chini ya Mahakama ya Juu) waliowekwa kwa sheria ya 1801 hawakujiuzulu wala kufukuzwa. Bunge lilifuta mahakama zao mwaka 1802.

Kwa tarehe za makoloni ya Uingereza za kabla ya Septemba 1752, taja kalenda iliyotumika, ya Juliasi au ya Gregori: tofauti ni siku 11 kuanzia Machi 1700 (siku 10 kabla ya hapo), na hadi 1751 mwaka wa kisheria ulianza 25 Machi.