Jinsi ya kuomba kibali cha kuingiza nafaka na kunde kupitia bandari ya Mombasa

Ukitaka kuagiza pojo, maharagwe au mchele ushukie Kilindini, kibali hutangulia meli. Wengi hulipia mzigo kwanza, halafu ndipo wanaanza kumsaka wakala wa forodha. Kibali cha kuingiza mazao ya mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na uwe nacho kabla mzigo haujapakiwa.

Maombi hufanywa mtandaoni, kwenye mfumo wa KenTrade, shirika la serikali la vibali vya biashara, kwa PIN yako ya KRA, mamlaka ya ushuru. Wakala mwenye leseni anaweza kukuombea, ila maelezo ya bidhaa mpe kwa maandishi. Utajaza nchi mzigo unakotoka, kiasi, matumizi (mbegu ya kupanda ina masharti makali kuliko chakula) na jina la kisayansi. Hilo jina likague mara mbili. Pojo ni Vigna radiata, kunde ni Vigna unguiculata. Kibali kikitaja hili na cheti cha ng'ambo kikataja lile, afisa atafuata karatasi, hata magunia yakiwa wazi mbele yake. Lipa ada, usubiri. Zao ambalo halijawahi kuingizwa kutoka nchi hiyo hufanyiwa kwanza uchunguzi wa hatari ya wadudu na magonjwa, kwa hiyo usimuahidi mteja tarehe.

Kibali kikitoka, mtumie muuzaji nakala siku hiyo hiyo, maana mamlaka ya mimea ya kwao hutoa cheti cha afya ya mimea kwa kufuata masharti yaliyomo. Mzigo ukifukizwa kwa dawa ya kuua wadudu, cheti cha ufukizaji kitaje dawa, kipimo na muda.

Sasa mabaki ya viuatilifu (dawa za kunyunyizia mimea), ambayo ndiyo huwanasa watu. Cheti cha afya ya mimea huzungumzia wadudu na magonjwa tu. Hakikuhakikishii kuwa mchele hauna dawa kupita kiwango. Mdai muuzaji ripoti ya maabara yenye ithibati, inayotaja kila dawa kwa miligramu kwa kilo, uilinganishe na viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na vya Codex, viwango vya kimataifa vya chakula. Viwango hivi ni sera ya biashara pia. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliamua kushusha kiwango cha trisaiklazoli, dawa ya ukungu, kwenye mchele kutoka miligramu 1 kwa kilo hadi 0.01, na wauzaji wa basmati wa India wakabanwa. Wakulima wetu wa mishiri (maharagwe machanga ya kijani) nao walibanwa na soko hilo hilo kwa sababu ya dimethoeti, dawa ya wadudu. Mzigo uliofungiwa soko moja huweza kutafutiwa jingine. Ndiyo maana mimi, nikiona bei imeshuka ghafla, huuliza kwanza mzigo ulikusudiwa soko gani.

Ulizia mapema kama zao lako linahitaji pia cheti cha ubora cha KEBS, kinachotolewa mzigo ukiwa bado ng'ambo, au idhini ya AFA, mamlaka ya kilimo na chakula.

Bandarini, maafisa wa KEPHIS hukagua na huweza kuchukua sampuli. Mzigo ukikataliwa hutibiwa, hurudishwa au huteketezwa, kwa gharama yako. Siku za bure za kuweka mzigo zikiisha utadaiwa kuwili: bandari kwa nafasi, kampuni ya meli kwa kontena lake.

Na kama unacholeta ni dawa yenyewe ya kunyunyizia, mlango wako ni PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu: lazima dawa iwe imesajiliwa Kenya, na uombe kibali chao cha kuiingiza.