SOMO: Acha kutumia akaunti ya admini kwa kazi za kila siku

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wanaoanza, wenye laptop moja nyumbani au steshenari ndogo, maana yaliyompata mshkaji wangu huku Nyegezi yameniuma sana. Ana mashine moja, kompyuta ya kuprintia, wanachuo wanamletea riseachi kwenye flashi, sasa dogo anayemsaidia kaunta akadownload programu ya kuedit picha, ile iliyokrakiwa, ikamwambia azime kwanza antivairasi, akazima, Windows ikamuuliza ndiyo au hapana akabonyeza ndiyo, kazi ikaendelea. Asubuhi mafaili hayafunguki, kuna ujumbe unadai bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, ndo yafunguliwe. Riseachi za watu, vyeti vilivyoskaniwa, picha za harusi, vyote. Dogo simlaumu hata kidogo, mashine ilikuwa na akaunti moja tu na hiyo moja ni admini, yaani yenye mamlaka yote juu ya mashine.

Mashine mpya ya Windows, akaunti ya kwanza unayotengeneza inakuwa admini, na wengi hawajui. Programu ukiiruhusu ukiwa admini ni kama mgeni umemkaribisha sebuleni yeye anaingia hadi chumbani: inazima ulinzi, inafungua mafolda ya watumiaji wengine, inajiwasha kila mashine ikiwaka. Tangu Windows Vista ya 2007 kuna lile dirisha la kuuliza, ila admini anajibu kwa kubonyeza mara moja, na tukishazoea hatusomi. Akaunti ya kawaida inadaiwa pasiwedi ya admini. Dogo asingekuwa nayo angempigia bosi wake simu kwanza.

Haya tufanye:

1. Fungua Settings, Accounts, Your info. Chini ya jina lako pakiandikwa Administrator, somo linakuhusu.

2. Tengeneza admini MPYA, usihangaike kuhamisha mafaili yako kwenda akaunti nyingine. Ingia Other users (Windows 10 ni Family & other users), ongeza mtu, chagua kwamba huna taarifa zake, halafu chagua bila akaunti ya Microsoft, weka jina na pasiwedi. Kisha bonyeza hilo jina, Change account type, mpe Administrator.

3. Sign out, ingia kwa hiyo admini mpya. Hapa msiruke jamani, hakikisha inafunguka kabla ya kugusa kitu kingine. Pasiwedi iandike kwenye daftari likae nyumbani, usiibandike kwenye monita.

4. Ukiwa humo, shusha akaunti yako ya zamani kwa njia ileile ya Change account type iwe Standard User, yaani akaunti ya kawaida. Ukirudi kwako mafaili na picha unavikuta palepale.

MASWALI

– Kaka kuwa mkweli, dogo angekuwa na akaunti ya kawaida yale mafaili yangepona?

Siwezi kukuahidi hilo. Programu mbaya ikiwaka ndani ya akaunti yako, mafaili unayoweza kuyagusa wewe na yenyewe inayagusa, hata bila admini. Ila ile iliyotaka antivairasi izimwe ingekwama mlangoni, na zile kopi za zamani Windows inazojiwekea isingeweza kuzifuta kirahisi. Kwa hiyo bakapu lazima, kwenye diski ya nje, na ukimaliza kukopi ICHOMOE, ukiiacha imechomekwa nayo itafungwa.

– Mkuu laptop yangu ni ya mtumba, nitajuaje kama fundi hajajiachia akaunti?

Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika net localgroup administrators, yatakuja majina ya maadmini wote. Jina la Administrator lisikutishe, ni la Windows yenyewe na kawaida limezimwa. Jina usilolijua lishushe, ila kwa mashine ya mtumba mimi ningepiga Windows upya kabisa.

– Mimi niko Nansio, nikivuka kwenda Mwanza kufuata mzigo kijana anabaki na mashine. Printa ikihitaji pasiwedi je?

Kuprinti kwa kawaida hakuhitaji pasiwedi, inadaiwa zaidi wakati wa kuinstoo, kwa hiyo printa iweke kabla hujapanda meli. Ikitokea dharura mwambie akusomee kwenye simu jina la programu inayoomba, neno kwa neno, ukilijua ndo umtajie. Yeye ataiandika palepale kwenye dirisha, hana haja ya kuingia admini. Na ukirudi badilisha pasiwedi siku hiyohiyo.