Somo: Okidi sapatu, kulipasua ua kisha kuhamisha chungu

Ua la Paphiopedilum, ndiyo okidi sapatu ya somo hili, halinyaukii kwenye kikonyo kama waridi. Siku moja huanguka zima, rangi bado ipo. Usilitupe: kuanguka kwake ndiyo ishara ya kuhamisha chungu, na lenyewe lina la kufundisha.

Hatua ya 1: Lipasue ua

Sepali (jani la nje la ua) ya juu ni pana, mara nyingi ina mistari. Ya chini unaidhani moja. Igeuze, utaona ni mbili zilizoungana. Petali mbili zimetanda pembeni, ya tatu imekuwa mfuko: ndiyo sapatu yenyewe. Juu ya mlango wa mfuko pana kingao kinachong'aa, ambacho ni stameni (kiungo cha kiume cha ua) tasa. Nyuma yake, kushoto na kulia, kuna chavua inayonata kama gundi. Okidi nyingine karibu zote zina stameni moja tu yenye chavua. Hizi zina mbili.

Sasa pasua sapatu kwa wembe, juu hadi chini. Ndani kunateleza kama bakuli la kauri, isipokuwa nyuma, ambako vinyweleo vimepanda kama ngazi. Mdudu hutua, huteleza, hutumbukia. Njia ya kutoka ni hiyo ngazi: humpitisha kwanza chini ya stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua), kisha hujibana kwenye tundu moja kati ya mawili ya juu na kuondoka na chavua mgongoni. Akiingia ua la pili, mzigo hubaki kwenye stigma. Malipo hapati, maana nekta hamna. P. rothschildianum (P. ni kifupi cha Paphiopedilum) wa Mlima Kinabalu, Borneo, amezidi kwa ulaghai: nzi ambao mabuu yao hula vidukari hutaga kwenye kile kingao, na mabuu hayakuti kidukari hata mmoja.

Hatua ya 2: Mchanganyiko

Gome la msonobari la milimita 5 hadi 10, vikombe 7. Pumisi au perlaiti (vijiwe vyepesi vyenye vitundu), vikombe 2. Mkaa uliopondwa, kikombe 1. Loweka gome usiku kucha, la sivyo maji yatapita juu juu bila kuingia. Kwa jamii za mawe ya chokaa, kama P. niveum na P. bellatulum, ongeza kijiko cha chai cha maganda ya chaza yaliyosagwa katika kila chungu.

Hatua ya 3: Kupanda

Toa mmea, kung'uta. Mizizi hai ni ya kahawia, ina manyoya na ni migumu ukiibinya. Wengi huikata wakidhani imeoza! Iliyokufa huwa bapa, na ukiivuta ngozi hutoka ukabaki uzi. Hiyo ndiyo ya kukata, kwa mkasi uliopitishwa motoni. Usigawe shina ila kila fungu libaki na machipukizi 3.

Chungu kiwe kidogo, mizizi ienee tu. Shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi, izame sentimita 1 hivi. Hapa ndipo panapoharibika, kwa sababu watu huipandisha juu kama Phalaenopsis, okidi ya jamii nyingine. Mzizi mpya hutoka chini ya chipukizi jipya. Ukikuta hewa kavu, ncha hukauka, na baada ya miezi michache mmea unayumba chunguni.

Hatua ya 4: Maji na mwanga

Okidi hii haina kiazi cha kuhifadhia maji, basi isikauke kabisa. Mwagilia asubuhi, sehemu ya juu inapoanza kukauka. Maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa karatasi laini; yakilala humo, moyo huoza. Mbolea robo ya kipimo kila wiki 2. Neti ya kivuli asilimia 70 hadi 80.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Tanga. Zitavumilia joto?*
Chukua zenye majani ya madoa, au P. niveum, ambaye kwao ni karibu na bahari. P. insigne, mwenye majani ya kijani kitupu, hutaka usiku wa baridi, nyuzi 10 hadi 13. Huyo mwachie mtu wa Lushoto. Kwako atatoa majani tu.

*Yangu ilichanua mara moja, basi. Nikate shina?*
Hapana. Kila chipukizi huchanua mara moja tu, kisha hulisha wadogo zake. Subiri hao. Kata likishakauka lenyewe.

*Naweza kuipata porini kwetu?*
Okidi sapatu za asili hazipo Afrika. Paphiopedilum huanzia India hadi Visiwa vya Solomon, na zote zimo Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini: biashara ya kimataifa ya zilizochimbwa porini hairuhusiwi. Nunua zilizooteshwa kitaluni, zenye hati.

*Kikonyo kimepinda, nizungushe chungu?*
Usikizungushe hadi ua lifunguke. Tumba hufuata mwanga, na kila ukigeuza linajipinda upya. Funga kikonyo kwenye kijiti, uzi ukae chini kidogo ya tumba.