Ukitaka Kwenda Kuvua Papa Mombasa, Soma Hii Kabla Hujalipa

Swali la kwanza niulizwalo kwenye simu ni hili: "Tutampata?" Huwa najibu kwamba hilo aulizwe papa mwenyewe. Kazi yetu ni kukutoa hori ya Tudor, kukufikisha penye maji meusi na kukurudisha ukiwa na vidole vyote kumi.

Mimi ni baharia kwenye boti ya uvuvi wa burudani, mwaka wa 19 sasa. Si nahodha. Mimi ndiye yule wa tezi, nyuma ya boti, mwenye glavu, anayefunga ndoana, anayekushika mkanda usitumbukie, na anayeshika waya papa akishafika ubavuni. Kwa hivyo haya yametoka tezi, si kwenye usukani, na nahodha wangu huenda akayabishia.

Tuanze na majira. Usije Juni. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, Juni na Julai hasa, boti nyingi hupandishwa juu kupakwa rangi, na ile inayokubali kukutoa wakati huo ina njaa kuliko papa. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo watu wengi hutoka. Mimi ukiniuliza, nitakwambia tanga mbili, zile wiki za katikati pepo zinapobadilishana, bahari ikawa kama sinia la shaba. Kisha tazama mwezi. Wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na mkondo wa nje ya mwamba huikokota boti mpaka chambo kinalala juu juu. Maji mafu kabisa nayo hayafai kwa sababu supu haitembei (supu nitaieleza). Siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua ndiyo siku yangu.

Kabla hujatuma pesa, uliza maswali manne. Leseni ya boti iko? Redio inafanya kazi? Jaketi za kuokolea zipo za kila mtu, pamoja na ya mtoto kama unaye? Na la nne: papa mkishamvuta, mnamfanya nini? Ukijibiwa "utakavyo wewe, bosi," tafuta boti nyingine. Anayesema hivyo atafanya utakavyo wewe katika mambo mengine pia, hata yale usiyoyajua.

Uliza pia mtavua wapi. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya eneo lile la katikati hakuvuliwi kitu, si papa wala tasi. Hatuna haja nako. Rafu yetu, ile sakafu ya bahari yenye kina kifupi karibu na pwani, ni nyembamba. Ukishavuka mwamba, hata saa nzima haijaisha, chini yako pana kina cha kumeza minara ya mji wote.

Chakula: najua Mombasa, na najua utakuja umeshiba mahamri na mbaazi. Usifanye hivyo. Nimeshaosha mbaazi nyingi mno kwenye sakafu ya boti. Kula mkate mkavu, ndizi, tangawizi ya kutafuna. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kuondoka. Ukiimeza bahari ikishakulevya, itatoka na wenzake. Ukianza kuhisi mate yanajaa mdomoni, usiingie kibandani kulala. Kaa nje, tazama mstari wa mbali bahari inapokutana na mbingu, wala usione haya kuinama ubavuni. Wanaoona haya ndio wanaochafua.

Tunaondoka saa tisa na nusu alasiri. Fort Jesus inabaki mkono wa kulia, watoto wa Mji wa Kale wanarukia maji wakitupungia, kisha boti inaanza kuinuka na kushuka na mazungumzo yanakatika ghafla. Huko nje utaziona meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya Kilindini. Tunazipita.

Kazi ya kwanza si papa, ni chambo. Tunaburuta mishipi midogo tupate sehewa wawili watatu. Sehewa ana damu nyingi na mafuta, na papa humpenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutundika kwenye ndoana. Tusipompata, kuna vibua kwenye barafu, lakini uso wangu utauona umebadilika.

Kisha tunazima injini. Hapo ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu walidhani wamelipia vurugu. Nachukua gunia la wavu la vitunguu, nalijaza matumbo, vichwa na damu iliyoganda, nalifunga kwa kamba pembeni, na kila wimbi likipiga linakamua kidogo. Hiyo ndiyo supu. Utaona utepe wa mafuta unanyoosha juu ya maji kufuata mkondo, mrefu kuliko macho. Papa akiukuta mwisho wake, anaufuata kama mtu anayenusa biriani ya harusi mtaa wa pili. Chambo tunakishusha nyuma, kimetundikwa kwenye kidumu kitupu cha lita tano. Zamani tulitumia maputo, lakini yakipasuka hubaki baharini na kasa huyameza, tukaacha.

Sasa kungoja. Saa moja, mara nyingine tatu. Hakuna mtandao wa simu wa kutegemea. Jua linazama upande wa bara, taa za mji zinawaka moja moja, ukitaka kuswali magharibi nahodha atakuonyesha kibla kwenye dira, na boti inazunguka kiasi kwamba rakaa ya pili unaweza kuwa umeelekea Lamu au Tanga. Watu huanza kusimulia mambo ambayo hawangesimulia nchi kavu. Mimi nakoroga chai na kutazama kidumu.

Papa hatikisi mshipi kama samaki changu. Kidumu kinasogea, kinasimama, kinasogea tena kinyume na mkondo. Halafu hakipo. Hapa wavuvi wa pwani, wale waliozoea mshipi wa mkono, ndio huniudhi zaidi: wanakutua, yaani wanavuta ghafla, kwa nguvu zote. Usikutue! Tunatumia ndoana ya duara, na ndoana hiyo hujinasa yenyewe pembeni mwa mdomo pale papa anapogeuka kuondoka. Ukiikutua unaing'oa. Wewe kunja rili tu, polepole, mpaka uzito uje.

Uzito ukija, nitakufunga mkanda wenye kikombe cha kupachika kitako cha rodi. Breki ya rili usiiguse, hiyo yangu. Papa akikimbia, mwache akimbie. Akisimama, inua rodi kwa mgongo ulionyooka na magoti, kisha shusha huku ukikunja. Dakika kumi za kwanza utacheka. Za pili utanyamaza. Za tatu utaniuliza kama naweza kukupokea kidogo, nami nitasema ndiyo bila kukutania. Na jihadhari na hila yake moja: anakuja mwepesi, unadhani amechoka, kisha anaiona boti na kuanza upya kana kwamba ndiyo kwanza kanasa.

Akifika ubavuni, sikiliza mimi tu. Waya hauzungushwi mkononi kamwe, wala huinamii maji na mkufu shingoni. Na papa hapandishwi botini. Boti niliyofanyia kazi mwanzo ilikuwa ikiwapandisha ili wateja wapige picha. Siku moja papa wa urefu wa mtu mzima alipiga mkia mara moja tu, sanduku la barafu likapasuka na mteja akateguka goti. Tulibaki tumepanda viti kama kuku mpaka alipotulia. Alipotulia, alikuwa amekufa. Papa hana mifupa, ana gegedu, na nje ya maji uzito wake mwenyewe humponda matumbo. Hata ukimrudisha akaogelea, huenda akafa mbali na macho yako.

Kwa hivyo kichwa kinabaki majini, kimeelekea mkondo. Boti inatambaa taratibu maji yapite mashavuni mwake, maana wengi wao hupumua kwa kusonga mbele. Piga picha yako. Mguse mgongoni kama unataka: kuelekea mkiani ni laini, kurudi kichwani ni msasa mtupu. Mimi nachomoa ndoana kwa koleo ndefu, na ikikataa nakata waya karibu na mdomo. Akiwa ni yule mwenye kichwa cha nyundo, hakuna picha. Hufa kwa mchoko upesi kuliko wenzake, nakata papo hapo. Mteja mmoja alinikasirikia kwa hilo mpaka tukafika nchi kavu, na bakshishi sikuiona.

Msimu uliopita baba mmoja alikuja na bintiye wa miaka kumi na mmoja. Papa alipofika ubavuni mtoto akaniuliza, "Ami, tutamla?"

"Huyu twamrudisha, mwanangu."

"Mbona sokoni wauzwa?"

Alinishika. Babu yangu alikuwa akitega jarife, wavu wa papa, na papa ndio waliotulisha. Nyama ilitiwa chumvi ikawa ng'onda, mafuta ya ini, yaitwayo sifa, yakapakwa majahazi. Sitamlaumu anayetafuta riziki yake. Lakini papa wengi huzaa watoto hai, wachache, kwa mimba ya karibu mwaka mzima, na sisi kwenye boti tumelipwa kucheza. Nilimwambia hivyo hivyo. Akafikiri, kisha akaniuliza kama papa anajua kwamba ni mchezo. Hilo sikulijibu.

Taya usiniombe. Papa wa kichwa cha nyundo waliingia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2013, na mwaka 2022 ikaongezwa ile jamii nzima ya papa tunaowapata zaidi huku. Ukikamatwa uwanja wa ndege na taya isiyo na kibali, mimi sikujui.

Tunarudi yapata saa nne usiku. Vaa nguo ambazo huna haja nazo tena, kwa sababu supu hairuki mtu. Sugua mikono kwa ndimu na chumvi kabla ya sabuni, mara mbili. Hata hivyo, ukipanda matatu pale Buxton, kondakta atavuta pua, akutazame, kisha afungue dirisha lako yeye mwenyewe.