Wiki moja kwenye barabara ya 395 kwa kempa ya pikapu: theluji asubuhi, baiskeli jioni

Shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga anayeishi Los Angeles, alinunua pikapu kuukuu pamoja na kempa yake, kisha akanipigia simu. "Shemeji, nataka kwenda Mammoth wiki nzima na ubao wa theluji na baiskeli, na sitaki kulipa hoteli hata usiku mmoja. Nianzie wapi?" Nilimweleza kwa simu mara tatu, na kila mara aliuliza lile lile kwa namna nyingine, hivyo nikaona heri niandike yote mahali pamoja.

Kempa ninayoizungumzia hapa ni kile kibanda cha kulala kinachopakiwa juu ya bodi ya pikapu, chenye kitanda juu ya paa la dereva, jiko la gesi, tangi la maji na hita. Si trela ya kukokotwa. Safari yenyewe ni ya upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, ambako barabara kuu ya 395 hupita bondeni huku milima ikiwa ukuta upande wa magharibi. Mammoth ni mlima wa huko wenye lifti za watelezaji wa theluji. Kabla ya hatua zote, ni vyema msomaji aelewe kwamba safari hii hutawaliwa na baridi ya usiku. Usiku usipoganda, theluji ya asubuhi huwa uji mtupu; usiku ukiganda sawasawa, theluji huwa nzuri, lakini baridi hiyo hiyo ndiyo itakayokuzimia hita. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Kuchagua wiki

Chagua wiki iliyo kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Kilele cha Mammoth kina mita 3,369, na miaka mingi lifti zake hufanya kazi hadi mwishoni mwa Mei; mwaka 2023, baada ya theluji kuanguka kupita kiasi, ziliendelea hadi tarehe 6 Agosti. Mji wa Bishop, ulioko kilomita 65 hivi kusini, uko kwenye mita 1,265 tu, na Aprili yake ni ya fulana. Kwa hiyo katika siku moja unaweza kuteleza juu asubuhi na kuendesha baiskeli kwenye vumbi kavu jioni. Unapotazama utabiri wa hali ya hewa, usishughulike na joto la mchana. Tazama usiku kwenye kimo cha mlima. Unataka anga lisilo na mawingu na kipimo kilicho chini ya sifuri.

Hatua ya 2: Kupima uzito

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichoko kwenye fremu yake. Pameandikwa uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo ambao gari hilo limeruhusiwa kubeba, na namba hiyo ndiyo ya kuifuata, si maneno ya muuzaji. Uzito wa kempa ulioandikwa na kiwanda mara nyingi ni wa kempa tupu. Ongeza maji, ambayo kila lita ni kilo moja. Ongeza gesi, betri, chakula, baiskeli mbili, mbao mbili za theluji na nyinyi wenyewe. Kisha nenda kwenye mizani ya malori iliyoko katika vituo vikubwa vya mafuta, ukiwa umepakia kila kitu, upimwe kama malori yanavyopimwa Vigwaza. Unalipa dola chache na kupewa karatasi inayoonyesha uzito wa kila ekseli. Shemeji alikuwa amezidisha kilo 140, na nyingi kati ya hizo zilikuwa maji ambayo hakuyahitaji, kwani Bishop maji yapo.

Baiskeli zikining'inizwa nyuma ya kempa huuvuta uzito nyuma ya ekseli, na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa. Mimi hutoa gurudumu la mbele na kuzilaza ndani, kwenye njia ya katikati, wakati wa mwendo.

Hatua ya 3: Kupakia

Inua kempa kwa jeki zake nne, rudisha pikapu chini yake polepole, shusha, kisha funga minyororo ya pembeni kwa skrubu za kukazia. Baada ya kilomita 50 simama ukaze tena. Napendelea jeki za kuzungusha kwa mkono, kwa sababu haijawahi kutokea mkono ukaungua fyuzi.

Hatua ya 4: Mpangilio wa siku

Siku ya kwanza toka Los Angeles kwa barabara ya 14, ingia 395, na ulale Alabama Hills karibu na Lone Pine, chini ya mlima Whitney wenye mita 4,421. Kulala pale kunahitaji kibali, ambacho hupatikana bure mtandaoni, na ni lazima ukae kwenye maeneo yaliyowekewa alama. Siku ya pili endesha baiskeli asubuhi kwenye barabara ya vumbi iitwayo Movie Road, kisha panda hadi Bishop. Siku ya tatu hadi ya sita ni Mammoth asubuhi na baiskeli jioni, ukiacha moja kati ya hizo iwe siku ya kupumzika, maana mapaja yatakuambia. Siku ya saba rudi.

Lala Bishop, usilale juu. Najua wengi hupenda kuamka lifti ikiwa mbele ya macho, lakini tofauti ya zaidi ya mita 1,000 kati ya mahali pa kulala na maegesho ya mlimani ndiyo tofauti kati ya hita inayowaka dakika kumi kwa saa na hita isiyopumzika. Pia mwili usiozoea hewa nyepesi hulala vizuri zaidi chini.

Minyororo ya matairi iwepo garini hata kama jua linawaka. Dhoruba ya Aprili huja kwa saa chache, na kikitangazwa kiwango cha R2 cha masharti ya minyororo, asiye na gari la magurudumu manne yanayovuta, lenye matairi ya theluji yote manne, lazima afunge minyororo. Mwenye gari hilo naye lazima awe ameibeba. Upepo wa bonde la Owens, lile linalopitiwa na 395, ni hatari zaidi ya theluji kwa gari refu kama hili. Ukiona tangazo la upepo kwa magari marefu, kaa Lone Pine unywe kahawa.

Hatua ya 5: Hita

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima.

Mwaka wangu wa kwanza nililala juu, kwenye mita 2,400 hivi, nje kukiwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Saa nane usiku niliamka kwa baridi. Feni ya hita ilikuwa inazunguka na kupuliza hewa ya barafu, kisha ikazima, kisha ikaanza tena. Nikadhani gesi imekwisha. Nikatoka na tochi ya kichwani, nikabadilisha mtungi kwa vidole visivyohisi kitu. Hali ikawa ile ile. Nikadhani tundu la kichomeo limeziba, nikafungua kifuniko, nikasafisha, nikafunga. Vile vile. Nikawasha jiko ili nihakikishe gesi inafika, nalo likawaka vizuri, jambo lililonichanganya zaidi. Ilipofika saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikata tamaa, nikawasha injini ya gari ili nikae mbele nipate joto. Baada ya dakika kumi nikasikia sauti ya feni kule nyuma ikipanda, kutoka mngurumo mzito hadi mlio mwembamba, kisha "tak", na hita ikawaka.

Tatizo halikuwa gesi bali betri. Ndani ya hita hizi kuna swichi ndogo yenye kibati mithili ya tanga la mtumbwi, na feni lazima isukume upepo wa kutosha kukiinamisha kibati hicho ndipo gesi iruhusiwe kufunguka na cheche kupiga. Ni kinga nzuri, kwa maana moto bila upepo ungeunguza hita. Lakini betri ikishuka hadi volti 10 na kitu, feni huzunguka kwa uvivu, tanga haliinami, na hita hubaki ikipuliza baridi huku ikiendelea kumaliza kile kidogo kilichobaki.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, funga mita ndogo ya volti mahali unapoiona ukiwa kitandani, na uisome feni ikiwa inazunguka, kwa sababu betri iliyopumzika hudanganya. Pili, fahamu kwamba betri ya asidi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake katika baridi, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu; ile iliyokutosha ufukweni San Diego haitakutosha mlimani. Tatu, ukinunua ya lithiamu, ambayo ndiyo ninayotumia sasa, iweke ndani ya kempa na si kwenye sanduku la nje, kwa kuwa haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Nne, friji iwekwe kwenye gesi gari likisimama. Ikiachwa kwenye umeme wa betri itaimaliza kabla ya usiku wa manane. Tano, hakikisha waya wa kuchajia kutoka kwenye alteneta unafanya kazi kabla hujaondoka nyumbani. Paneli ya jua ni nzuri, ila ikifunikwa na theluji huwa kama sinia tu.

Kuna tahadhari tatu za uhai. Ukiwasha injini gari likiwa limesimama kwenye theluji, ondoa kwanza theluji kuzunguka bomba la moshi. Hakikisha pia tundu la moshi la hita ubavuni mwa kempa halijazibwa. Na hita ikikataa kabisa, usiingize mkaa wala kuwasha jiko la gesi ulale. Sote tumesikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa chumbani zisiamke, na kempa ni chumba kidogo kuliko vyote. Kengele ya kugundua hewa ya sumu iwe na betri mpya. Vaa nguo zote, ingia ndani ya magunia mawili ya kulalia, na usubiri kuche.

Mitungi midogo ya jiko la mkononi yenye butani iache nyumbani, kwani butani hukoma kugeuka gesi inapokaribia nyuzi sifuri. Propeni haina tatizo hilo hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Acha tundu la hewa la darini wazi kwa upana wa vidole viwili hata ukiona ni kupoteza joto, la sivyo pumzi zenu zitaganda ukutani na kudondoka kwenye mto asubuhi.

Shemeji alinipigia kutoka huko alfajiri ya siku ya nne, baada ya kuamua kulala juu. "Shemeji, inapuliza tu." Nikamuuliza volti ngapi. "Kumi nukta saba." Nikamwambia awashe gari, nikarudi kulala.

Hatua ya 6: Theluji ya asubuhi

Usiwahi. Saa mbili asubuhi mlima ni sakafu ya barafu iliyojaa matuta ya jana. Kunywa chai, anza saa tatu na nusu. Jua likiigusa theluji iliyoganda usiku, ngozi ya juu hulegea na kuwa punje punje kama chenga za mahindi, na hapo ubao hukata bila kelele. Punje hizo huanza kwenye miteremko inayotazama mashariki, kwa hiyo ukikuta upande wa mlima uitwao Eagle bado umefunguliwa, anza huko, kisha panda kuelekea juu ambako miteremko mingi hutazama kaskazini na huchelewa kulegea. Ubao ukianza kuzama hadi kwenye vifundo, acha. Kwa kawaida ni saa saba mchana. Kuendelea baada ya hapo ndiko kunakovunja magoti. Paka ubao nta ya theluji ya siku za joto, si ile ya Januari, na tiketi inunue mtandaoni kabla.

Ngozi nyeusi si kinga ya kutosha. Theluji hurudisha juu sehemu kubwa ya miale, nami nimeungua chini ya pua na chini ya kidevu, mahali ambapo sikuwahi kufikiri jua hufika. Miwani usiivue hata kwenye lifti.

Hatua ya 7: Baiskeli ya jioni

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Lower Rock Creek, inayoanzia karibu na Tom's Place na kuteremka kando ya kijito, kilomita 13 hivi na karibu mita 600 za mteremko. Sehemu ya juu ni laini. Sehemu ya mwisho ni mawe matupu, na hakuna aibu kushuka ukaisukuma. Mmoja ashuke na gari, mwingine na baiskeli, kisha mbadilishane. Kama juu bado pana theluji, nenda kwenye barabara za vumbi za Volcanic Tablelands kaskazini mwa Bishop. Punguza upepo wa matairi kidogo, maana mchanga upo.

Baiskeli ya umeme iache. Kuichaji kwa betri ya kempa ni kuiba joto la usiku, na umekwisha kusoma hatua ya 5.

Hatua ya 8: Kurudi

Jaza mafuta Bishop, ambako ni nafuu kuliko Mammoth. Maji machafu yamwagwe kwenye kituo chake, si kando ya barabara. Ukifika nyumbani, osha chumvi ya barabara chini ya gari na kwenye mnyororo wa baiskeli, na ukaushe buti za ubao kabla hujazifungia stoo. Zangu za mwaka jana bado zinanuka.