Jinsi ya kujibu tusi kwa shairi kama enzi za Muyaka

Ukitukanwa mbele za watu sio lazima urudishe tusi jamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ya Mazrui (ukoo uliokuwa unaitawala) na Lamu walikuwa hawaivi, mpaka wakapigana vita vya Shela, na pembeni ya mapanga kulikuwa na mashairi, Muyaka bin Haji anaitetea Mombasa, Zahidi Mngumi anaitetea Lamu, na hadi leo tunawakumbuka wote wawili. Hiyo ndo heshima!

Sasa wewe, kwanza usikurupuke. Kama umetupiwa ubeti angalia vina vyake (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho wa mstari, ukiweza jibu kwa vina hivyo hivyo, hapo ndo fundi anaonekana. Mistari minne, kila mstari mizani (yaani silabi) 16, nane kwa nane, mfano:

Maneno uloyasema, yamenifika nyumbani

Hesabu kwa vidole. Umeona "uliyoyasema" imebanwa ikawa "uloyasema", ruhusa hiyo washairi wanayo toka zamani, ila usizidishe ukaharibu maana.

Halafu jina lake usilitaje kabisa, mfumbe tu, mwite jahazi linalovuja au jogoo wa shamba, wenye masikio watajua ni nani na yeye akilalamika atakuwa amejitaja mwenyewe. Mama yake na wanawe waache, hawamo.

Ukimaliza usitume saa hiyo hiyo, mpe mtu anayejua ushairi akusomee kwa sauti, mizani ikipelea atasikia tu.