Kupima seli T za ng'ombe: kuanzia kuchagua kingamwili hadi kusoma matokeo

Ukitaka kujua chanjo ya ndigana kali imeamsha nini mwilini mwa ndama, lazima uzitambue seli T zake (seli nyeupe za kinga) kwa protini zilizo juu ya utando wa seli. Protini hizo hupewa majina kama CD3, iliyo juu ya seli T zote, na CD4 na CD8, zinazotofautisha aina zake. Seli T zenye CD8 ndizo zinazoua seli zilizovamiwa na Theileria parva, kimelea cha ndigana kali. Ukizichanganya na nyingine, kazi yote imepotea.

Hatua ya 1: Chagua kingamwili (protini inayoshika protini moja maalumu) kabla hujachoma sindano. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kingamwili nyingi za seli za binadamu hazishiki protini za ng'ombe, kwa hiyo tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Zenye jina linaloanza na IL-A zilitoka maabara ya Kabete, Nairobi: zamani ILRAD, tangu 1994 ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo.

Nyingi zimetokana na panya wa maabara na huja bila rangi. Rangi huibeba kingamwili ya pili, inayoitambua ya kwanza kwa isotaipu yake, yaani aina ya kingamwili kama IgG1 au IgG2a. Basi usiweke mbili za isotaipu moja kwenye kisima kimoja (kishimo cha sahani ya maabara), maana rangi moja itazikamata zote mbili. Mimi hupanga hivi:

- MM1A (IgG1) kwa CD3
- IL-A11 (IgG2a) kwa CD4
- GB21A (IgG2b) kwa seli T za gama-delta, kundi la pekee la seli T

Kisima cha pili naondoa IL-A11, naweka IL-A105 (IgG2a) ya CD8.

Kingamwili ya pili nayo iwe imechujwa isishike imunoglobulini (kingamwili za ng'ombe mwenyewe). Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zimejaa imunoglobulini juu ya utando, na zitang'aa bure usipoangalia hilo.

Hatua ya 2: Tenga seli. Toa damu kwenye mshipa wa shingo, kwenye chupa yenye heparini, inayozuia damu kuganda. Izimue kwa PBS (maji ya chumvi yaliyosawazishwa), imwage taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito kinachotenganisha seli), zungusha kwenye mashine dakika 30 bila breki. Chukua tabaka jeupe la katikati, lioshe, uhesabu seli hai.

Hatua ya 3: Pima kipimo cha kila kingamwili. Izimue mara mbili mbili, uchague kiwango kinachotenganisha vizuri zaidi seli zinazong'aa na zisizong'aa. Usiamini karatasi ya muuzaji peke yake.

Hatua ya 4: Tia rangi. Seli milioni moja kwa kisima, zote juu ya barafu ili zisimeze kingamwili. Dakika 30, osha mara mbili. Kingamwili ya pili, dakika 30 gizani, osha tena. Weka visima vya rangi moja moja, na kimoja chenye kingamwili ya pili tu.

Hatua ya 5: Soma kwa flow cytometer, mashine inayopima mng'ao wa kila seli. Anza na CD3, kisha ondoa gama-delta, ndipo uangalie CD8. Baadhi ya seli NK za ng'ombe (seli za kinga zinazoua, zisizo seli T) na baadhi ya gama-delta pia hubeba CD8. Kwa ndama usishtuke ukikuta gama-delta nyingi kuliko ulivyozoea kwa binadamu: ndivyo walivyo, na hupungua kadiri wanavyokua. Ndiyo maana ndama wa chanjo hulinganishwa na ndama wa rika lake, si na ng'ombe mkubwa.